Kifungo cha Ignacia

Ignacia alimuua mwana wa dada yangu mbele ya mji mzima, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Barnaba, watu wamefurika uwanja wa kanisa wakisubiri fataki. Ignacia ni kengele. Wageni ninaowatembeza huguna nikisema "alimuua", wakidhani nimeteleza ulimi. Hapa Real de San Bernabé kengele hubatizwa, huwa na baba na mama wa ubatizo, na aliyebatizwa haitwi kitu. Asiyetaka kuelewa hilo na abaki hotelini.

Kengele zetu kubwa hazivutwi kwa kamba. Husukumwa kwa viganja mpaka zipinduke juu ya mhimili wao, miguu juu kichwa chini, na msukumaji sharti ajue wakati wa kurudi nyuma. Nabor, huyo mwana wa dada yangu, alijua. Alifundishwa na baba yake tangu hajaota ndevu, na alimpenda Ignacia kuliko kengele zote. Siku ile aligeuza kichwa. Aligeukia nini hatujui mpaka leo, maana ukingo wa kengele ulimkuta shingoni na hakupata nafasi ya kutuambia.

Padri Crispín, mzaliwa wa hapa hapa, alifanya kama walivyofanya wazee. Aliyeua hufungwa. Ignacia akang'olewa ulimi, kile chuma cha ndani kinachomliza, akatiwa mnyororo, akapakwa msalaba mwekundu ubavuni ili kila apitaye chini ajue kwamba yule pale ana damu ya mtu. Kifungo chenyewe hakina mwisho uliowekwa. Msamaha hutoka nyumba ya marehemu tu: mmoja wao apande mnarani, afute msalaba kwa mkono wake, asukume wa kwanza. Baba yake Nabor alikuwa ameshakufa, ameliwa mapafu na vumbi la machimbo ya fedha. Kwa hiyo ufunguo wa jela ile ulibaki kwa mtu mmoja, dada yangu Hermelinda.

Akaushikilia. Hermelinda anauza gordita, mikate minene ya mahindi yenye maharage ndani, kwenye lango la uwanja wa kanisa, chini ya mnara ule ule. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko alikuwa akiinua macho, akiuona msalaba, akisema, "Yumo." Kisha ndio anawasha. Wapo waliosema amerukwa na akili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikujaliwa, basi nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo kwangu si jepesi.

Kazi yangu ni hiyo ya kutembeza wageni. Nawapeleka nyumba ya gavana wa Wahispania, mdomo wa machimbo, altare ya dhahabu, halafu mnara. Mnarani ndipo walipokuwa wakicheka. Mmoja aliwahi kuuliza kama kengele iliwekewa wakili, wenzake wakaangua kicheko, na dada yangu yuko hatua chache tu anageuza mikate yake. Hajui lugha yao, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Basi mwaka juzi akaja Bwana Oropeza wa kamati ya urithi. Mji ulikuwa ukiomba utambuliwe kuwa mji wa kihistoria, wakaguzi wanakuja kutoka mji mkuu, na Oropeza alitaka wasikie kengele zote zikilia pamoja. Kengele bubu, alisema, ni pengo la jino kwenye tabasamu. Alinijia mimi kwanza, na mkate mtamu mkononi, akitaka niseme na dada yangu. Nilipokea mkate nikamwambia aende mwenyewe.

Akaenda. Akala gordita mbili haraka haraka bila kusikia ladha yake, kisha akamhubiria Hermelinda kwamba kengele ni shaba tu, kazi ya sanaa, na shaba haina kosa.

"Kama ni shaba tu," dada yangu akamwuliza, "unakuja kuniomba ruhusa ya nini?"

Oropeza akajifuta mdomo akaondoka. Mara ya pili hakuja yeye, alimtuma Padri Crispín, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kuongozwa njiani. Padri hakutaja wakaguzi. Alikaa kwenye kreti karibu na jiko, akamkumbusha Hermelinda jinsi Nabor alivyokuwa akipanda na ndimu na majivu kumsugua Ignacia mpaka ang'ae, na jinsi alivyokataa kazi ya mjini kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kumsukuma. Mambo hayo dada yangu alikuwa ameyafukia. Alilia pale pale mbele ya wateja, na mikate ikaungua.

Hakujibu siku hiyo. Alichukua Kwaresima nzima. Tunaishi nyumba moja, nilikuwa nikimsikia akisaga mahindi huku anabishana na kengele, mara anamlaani, mara anamwuliza swali kama mtu anayeongea na mkwe. Alikonda. Nikamwambia aachane nao, hakuna wa kumlazimisha, na Oropeza nitamfukuza mimi kwa ufagio.

"Si Oropeza," akasema. "Nimechoka kuwa askari jela, Tila. Askari jela naye kifungo kinamfunga."

Jumatatu ya Pasaka, mafundi wakiwa wameshamrudishia Ignacia ulimi na kumfungua mnyororo, tukapanda. Ngazi za mnara ni nyembamba, nilimfuata nyuma nikimshikia sketi. Msalaba ule haukutaka kutoka. Alisugua kwa aproni iliyolowa, akasugua kwa kucha, rangi ikamwingia mpaka kwenye nyama, na nilipotaka kusaidia akanipiga kofi mkononi. Ulipofutika aliegemeza shavu lake pale palipokuwa na msalaba akasema maneno fulani. Niliyasikia, lakini sikuambiwa mimi, na sitayarudia. Kisha akaweka viganja akasukuma. Ignacia akalia kwa sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema, na chini uwanjani watu wazima wakapiga magoti kwenye mawe.

Dada yangu alilala siku ile mpaka kesho yake mchana. Tangu hapo, kila kengele ya adhuhuri ilipolia alisimamisha kazi, unga mkononi, akisikiliza mpaka mwisho. "Leo ameitika vizuri," alikuwa akiniambia, au, "Leo wamemsukuma vibaya, watoto hawa." Akaanza kutaniana na wateja. Mimi niliyedhani kicheko chake kilizikwa na Nabor nilikuwa nikijificha nyuma ya lango nimsikie. Nasema wazi kwamba zile zilikuwa siku njema kuliko zote za uzee wetu.

Mji ukapewa jina lake la kihistoria, na mabasi yakaja. Lakini wageni walikuwa wameshasikia habari za kengele iliyofungwa, na ndiyo waliyoitaka. Iko wapi? Nikawaonyesha juu, nikawaeleza alivyosamehewa. Walitazama, wakashusha kamera. Kengele zinazolia wanazo kwao. Manung'uniko yakafika kwa Oropeza, kamati ikakaa, ikaamua kurudisha mnara "katika hali yake ya kihistoria". Padri Crispín alikuwa ameshazikwa. Padri mpya, kijana wa mji mkuu, alitikisa kichwa kukubali.

Hawakumwuliza Hermelinda. Asubuhi moja alikuwa akiwasha jiko, akasikia minyororo. Akainua macho, akamwona fundi ananing'inia na kopo la rangi nyekundu, na wengine wawili wanashusha ulimi wa Ignacia kwa kamba. Aliniita nikaja mbio. Hakuwa analia. Alikuwa ameshikilia kiberiti na njiti imeshazimika.

"Amemuua nani tena?" akaniuliza.

Nilikwenda ofisini kwa Oropeza nikapiga kelele mpaka makarani wakatoka mlangoni. Yeye akanimiminia kahawa. Alisema rangi ya safari hii ni nzuri zaidi, haitoki kwa mvua wala jua. Alisema pia, kwa upole kabisa, kwamba haelewi ugomvi uko wapi, maana Bi Hermelinda si ndivyo alivyotaka miaka yote? Niliiacha kahawa yake. Nilipotoka nilipita kwa mwenye hoteli, kwa wauza vinyago, kwa waimbaji wa uwanjani, nikitafuta mtu wa kusimama nami. Kila mmoja alinipa pole, na kila mmoja alikuwa na wageni dukani. Na mimi kesho yake nilikuwa na kundi la kutembeza, nikalitembeza.

Hermelinda hatazami juu tena. Adhuhuri kengele nyingine zinapolia anaendelea kukanda.

Wiki iliyopita nilisimama pale na kundi langu. Tumepewa maneno ya kusema siku hizi, yameandikwa na kamati: kwamba mama wa marehemu hajasamehe hata leo. Huwa nayaruka. Lakini binti mmoja, mpole, macho yamemlegea kwa huruma, akauliza mwenyewe: na mama wa yule kijana, alipata kusamehe? Dada yangu alikuwa karibu kiasi cha kuguswa. Nikashindwa kudanganya mbele yake, na kusema kweli nikashindwa pia. Nikamgeukia, nikamwambia kwa lugha yetu kilichoulizwa, nijibu nini.

Aliugeuza mkate, akaubonyeza kwa vidole kuona kama umeiva.

"Mwambie kwamba Ignacia nilimsamehe," akasema. "Nyinyi, bado."

Nikamtafsiria yule binti neno kwa neno, na katika ile "nyinyi" na mimi nimo.