Shuka Jeupe Chini ya Bomba

Bomba la moshi la kiwanda cha chupa lilikuwa refu hata mawingu yakipita yalilikwepa. Moshi wake ulikuwa wa kahawia, na watu waliapa kwamba jogoo wa mtaa ule alikohoa kwanza ndipo akawika. Hakuna aliyebisha, maana wote walikuwa wanakohoa.

Chini yake aliishi fundi wa tanuri ambaye watu walimwita Bomba, kwa urefu wake na kwa ukaidi wa kutohama. Nyumbani alikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia, kingine alikiwekea redio kisionekane kitupu. Mkewe alikuwa amehamia kwa dada yake, ng'ambo ya bonde, kifua kilipoanza kumpigia filimbi.

"Sikuachi wewe, naacha bomba," alimwambia siku ile akifunga begi. "Siku ukianika shuka jeupe asubuhi likabaki jeupe jioni, nitarudi. Shuka halijui kudanganya kama wewe."

Mwaka huo mkemia wa kiwanda, binti mcheshi, alileta mawe mepesi yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Wakayaponda, wakayaloweka kwenye maji yenye chumvi ya shaba, wakayaoka, wakayapanga ndani ya sanduku la chuma njiani mwa moshi. Kabla ya sanduku, mrija ulipuliza gesi ya amonia kidogo.

"Moshi na amonia ni kama wachumba wenye haya," mkemia alieleza. "Ukiwaacha peke yao hawasemezani. Shaba iliyomo ndani ya jiwe ndiye mshenga wao. Ikiwakutanisha, wanatoka wamekuwa hewa safi na mvuke."

"Kumbe hata moshi una mshenga! Na mimi ninayeishi na redio?"

"Wewe mke unaye, mzee. Subira ndiyo huna."

Moshi ukapungua. Shuka lililokuwa likigeuka rangi ya chai sasa lilibaki rangi ya maziwa. Bomba akampigia mkewe simu, kifua mbele: "Mama, njoo Jumapili ujionee."

Jumapili asubuhi akatazama juu, akaona uzi mwembamba wa kahawia bado unaning'inia. Mkemia alikuwa mapumzikoni. Bomba akajiuliza: ikiwa kijiko kimefanya yote haya, bakuli je? Akaenda kiwandani, akaufungua mrija wa amonia mpaka ukagoma kwenda zaidi.

Uzi ukatoweka. Akarudi nyumbani, akanyoosha shati, akaishusha redio, akakifuta kile kiti mara nne.

Asichojua ni kwamba amonia iliyokosa mchumba ilipanda bombani ikashukia mtaani kutafuta ugomvi. Mtaa mzima ulinuka choo cha stendi. Vitunguu vyenyewe vililia. Lakini pua ya Bomba ilikwisha kufa zamani, kwa miaka ya kukaa mbele ya tanuri. Alipomwona mkewe getini, machozi yakimtiririka, moyo ulimruka.

"Usilie, mke wangu. Shuka si lile pale?"

"Nani analia? Macho yanawaka, baba! Umefungua vyoo vya dunia nzima?"

Alikuwa amebeba begi. Si mkoba wa kuja kusalimia. Ni begi lile lile aliloondoka nalo. Akalishika shuka pindoni, akaligeuza upande wa pili.

"Kweli ni jeupe," alisema. Filimbi ikaanza kifuani.

"Basi ingia, kiti kipo."

"Niingie kwa kifua gani?"

Akageuka na begi lake. Bomba alimtazama mpaka kona ikammeza.

Akarudi kiwandani, akaurudisha mrija kwenye alama aliyoiweka mkemia. Kesho yake jioni mkewe akapiga simu.

"Shuka limeshindaje?"

Ulimi wa Bomba uliojua kunyoosha kila kilichopinda ulikuwa tayari kusema jeupe pe. Akalitazama shuka kambani.

"Lina manjano pembeni," alisema. "Kama maziwa yaliyolala."

Mkewe akasema: "Mwenye pupa hadiriki kula tamu, baba."

"Na mwenye subira?"

"Anafua. Anaanika tena."

Simu ikakatika. Bomba akaloweka shuka, kisha akainua redio iliyokuwa sakafuni. Akasimama nayo mbele ya kile kiti. Akairudisha sakafuni, akaketi kwenye chake, akakiangalia kile kingine kilivyo kitupu.