Deki Badala ya Gemu

Hakimu, muuza vyombo vya umeme pale soko la Rumonge, ana kosa moja tu, ila ni kubwa: hawezi kuuza kitu bila kukiwasha. Ukitaka redio, atakufungulia redio mpaka wauza dagaa wa upande wa pili wageuke kutazama nani kafa. Ukitaka pasi, atakuvua shati akunyooshee. Ndiyo maana siku Assumani alipomleta binti wa marehemu kaka yake achague zawadi, ama mashine ya gemu ama deki ya filamu, Mariyamu, mama wa binti huyo, alianza kuomba dua kabla hawajavuka kizingiti cha duka.

Binti anaitwa Nour. Alikuwa amefaulu mtihani wa taifa vizuri kuliko wenzake wote wa mtaani, na baba yake mdogo alishuka kutoka Bujumbura na ahadi mdomoni: achague chochote kati ya hivyo viwili. Jambo la furaha, au siyo? Kwa mama mwingine lingekuwa la furaha. Kwa Mariyamu lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi, maana alijua kitu ambacho shemeji yake hakukijua, majirani hawakukijua, na Nour mwenyewe hakukijua.

Nour alikuwa na kifafa.

Mara ya kwanza alianguka Minago, nyumbani kwa watu ambao Mariyamu hununua kwao mawese ya kuja kuuza rejareja. Wakubwa walikuwa nyuma wakipima mafuta, watoto wa nyumba wametoka mbio kumfukuza mbuzi aliyeingia kwenye mihogo, na Nour kabaki peke yake sebuleni mbele ya mashine ya gemu. Mariyamu aliporudi alimkuta sakafuni anatupatupa miguu, povu mdomoni, macho yamegeuka. Hakuna mwingine aliyeona. Baadaye akaanguka tena, nyumbani, na tena, na kila mara Mungu alimsitiri, hapakuwa na mgeni.

Muuguzi Barnaba wa kituo cha afya alimweleza yote kwa upole. Huu ugonjwa si pepo, si uchawi, wala hauambukizi. Ampe kidonge kila siku bila kuruka. Akianguka, amlaze ubavu, asimtie kitu chochote mdomoni. Na mwanga unaopigapiga, kama ule wa gemu, amwepushe nao. Mariyamu alisikiliza yote, akaondoka na neno moja: gemu. Nyumbani akamdanganya mwanawe kwamba vidonge vile ni vya kuongeza damu.

Msimlaumu upesi. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo anaijua hata mtoto wa chekechea, lakini waliotunga methali hawakuwa na binti wa kuoza. Kule Kigwena kuna mwanamke aliyeanguka kifafa gulioni mara moja tu, na mpaka leo akienda kununua mihogo muuzaji humwambia aweke hela chini, ataiokota mwenyewe. Akienda msibani hupewa kikombe chake peke yake. Mume alimrudisha kwao bila hata kugombana naye. Mariyamu alikuwa akimfikiria mwanamke huyo kila alipokuwa akimsuka Nour nywele.

Basi wakaingia dukani, na Hakimu, kama kawaida yake, akawasha.

Kioo kikajaa magari yanayokimbizana, taa nyekundu, taa nyeupe, moto, vumbi. Nour akachukua padi ya kuchezea, akaikamata kwa mikono miwili, uso ukawaka rangi zote zile. Mariyamu hakujua miguu ilimpelekaje. Alijikuta amesimama katikati ya binti yake na televisheni, kakunjua mtandio kama mtu anayezuia kuku asiingie jikoni.

"Shemeji, vipi tena?" Assumani akacheka. "Unatuzibia!"

"Zima hiyo, Hakimu. Zima, nakwambia!"

"Mama Nour, hii siyo bomu. Iko muchezo tu."

"Muchezo inaharibu mutoto! Inaleta uvivu. Hatasoma tena."

Hakimu akazima, huku akimtazama Assumani kwa jicho la kuuliza nani hasa mwenye kununua. Kisha akaanza hotuba yake, na katika hotuba hakuna wa kumshinda. Gemu, alisema, inasoma na disiki za filamu vilevile, kwa hiyo ni vitu viwili kwa wakati mmoja. Ila jicho lake la kusomea disiki linachoka haraka, halikufanywa kwa kazi ya filamu kila siku, na umeme inakula kama mgonjwa aliyepona. "Lekteri yenyewe," akasema akipapasa deki nyembamba nyeusi, maana ndivyo wanavyoiita deki huko, "iko na adabu. Hata betri ya moto, ya pikipiki, inaibeba, courant ya umeme ikikatika munaendelea. Iko na telekomande ya kubonyeza kwa mbali. Ila gemu, hapana. Gemu haichezi."

"Basi gemu inafanya yote mbili," Nour akasema polepole, akimtazama mama yake, "na lekteri inafanya moja. Kwa nini tuchukue nusu, mama?"

Swali la mtoto aliyefaulu mtihani. Mariyamu alitafuta jibu kichwani, akapapasa kila kona, asikute kitu ila kile ambacho hakiwezi kusemwa. Aliona Hakimu anasubiri, Assumani anasubiri, na mteja mmoja mwenye redio mbovu naye anasubiri, kama vile jambo linamhusu.

"Kwa sababu nimesema."

"Lakini zawadi ni ya mutoto, shemeji," Assumani akasema, sasa bila kucheka. "Na mutoto amechagua."

"Kama ni gemu, haiingii kwangu. Uirudishe Bujumbura."

Nour akaiweka padi mezani taratibu, akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Akasema basi iwe lekteri. Hakimu akafungasha, akaongeza na disiki moja ya bure kutoka kwenye boksi la filamu zilizokwisha tumika, filamu ya mapigano yenye mtu anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Njiani Assumani alitangulia na Nour, akamwacha shemeji yake nyuma. Mariyamu alijua anaonekana mchoyo wa furaha ya mwanawe, jambo baya kwa mama, lakini ndani ya kifua chake alikuwa akishukuru. Alidhani ameivuka hatari.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu mtaa wao. Mashine mpya ikiingia nyumbani kwako, siku ya kwanza si yako. Utafungua mlango, utatandika mikeka, na watu wataingia wakisema hongera, wakae, watazame, walaumu picha, wasifu sauti, mpaka waridhike. Ukifunga mlango utasemwa mpaka wajukuu. Kwa hiyo baada ya sala ya alasiri sebule ya Mariyamu ilikuwa imejaa. Alikuja Speciosa, jirani wa ukuta, aliyekulia kambini Tanzania, na watoto wake na bakuli la karanga. Alikuja Tarsisi fundi baiskeli, ambaye hakuna shughuli isiyomhusu. Wengine walisimama dirishani.

"Jua inaingia sana," Tarsisi akalalamika. "Hatuoni kitu. Tuzibe, iwe kama sinema!"

Na nani alitoa vitenge vya kuzibia? Mariyamu mwenyewe. Alifungua sanduku, akatoa vile vizuri, akavitundika madirishani kwa mikono yake, akitabasamu, maana alitaka angalau hapo Nour amwone si mbaya. Waliokuwa dirishani wakaingia ndani, chumba kikawa giza tititi. Neno la Barnaba halikumjia hata kidogo. Aliogopa gemu, gemu ilibaki dukani.

Filamu ikaanza vizuri kwenye televisheni yao ya zamani. Mtafsiri akapayuka, watoto wakacheka, Speciosa akagawa karanga. Nour aliketi mbele kabisa, mwenye mali, na uso ulikuwa umeanza kumkunjuka. Kisha disiki ikakwama. Picha ikasimama, ikaruka, ikasimama. Kioo kikawa cheupe, kikawa cheusi, cheupe, cheusi, upesi upesi, na sauti ya mtafsiri ikakatika vipande vipande.

"Gonga hiyo kitu!" mtu akapiga kelele. "Bonyeza!"

Telekomande ikakataa. Nour akasogea kwa magoti mpaka uso wake ukakaribia kioo, akawa anatafuta kitufe kwenye deki kwa vidole. Mariyamu, aliyesimama nyuma karibu na mlango, aliona kivuli cha kichwa cha mwanawe kikitokea na kupotea ukutani, kikitokea na kupotea. Hapo ndipo alipomsikia Barnaba. Mwanga unaopigapiga. Muuguzi hakusema mashine, alisema mwanga.

Alifungua mdomo apige ukelele, Nour, toka hapo! Akaufunga tena. Kwa sababu akipiga ukelele watauliza kwa nini. Mara ya pili katika siku moja anamfukuza mtoto mbele ya kioo. Assumani yupo, atauliza, na wote watasikiliza jibu. Mariyamu akameza ukelele wake. Akaanza kupenya katikati ya watu kimyakimya, samahani, nipishe, samahani mama, amfikie mtoto bila kuonekana ana haraka.

Hakumfikia. Nour alitoa sauti moja nzito isiyofanana na yake, akakakamaa, akaanguka ubavuni kwa meza ya televisheni.

Yaliyofuata yalikwenda kwa fujo. Mtu alipiga yowe. Mwingine akasema, "Mate! Musiguse mate yake!" na hapo mikeka yote ikanyanyuka. Watoto walipita juu ya wakubwa, karanga zikamwagika, dirisha likatoa watu ambao hawakuingilia dirishani. Assumani alirudi nyuma mpaka ukutani akisoma aya kwa sauti. Nour alikuwa anapigapiga sakafu kwa kisogo, povu linamtoka, na mwanga ule mweupe ulikuwa bado unamwakia. Palibaki nafasi pande zote zake kama palipomwagika maji ya moto. Tarsisi peke yake ndiye aliyekwenda mbele, na alikuwa na kijiko mkononi.

"Atakata ulimi! Tumufungue mudomo!"

Kutoka mlangoni Speciosa, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kwapani, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Mama Nour, hii siyo kifafa?"

Wakageuka wote. Mariyamu aliyaona macho yao, na bado njia ilikuwepo: damu, angesema, mtoto ana upungufu wa damu. Wangetaka kuamini, au wangejifanya. Kijiko cha Tarsisi kilikuwa kimeshafika kwenye midomo ya Nour.

"Ni kifafa!" Mariyamu akapasua sauti. "Iko nayo tangu mwaka uliopita! Tarsisi, toa kijiko! Baba mudogo, chomoa waya!"

Akapiga magoti. Lazima niseme hapa jambo ambalo Mariyamu hakumwambia hata Barnaba. Mara zote Nour alipoanguka, hakuwahi kumgusa. Bibi yake alimfundisha tangu utotoni kwamba povu la kifafa likikupata umekwisha, na maneno yote ya kituo cha afya hayakuweza kuling'oa fundisho hilo. Alikuwa akisubiri mbali, analia, mpaka ipite, halafu ndipo anakuja na maji na kitambaa. Sasa alimshika binti yake begani na kiunoni, akamgeuza ubavu, akaweka kiganja chake chini ya kichwa kile kinachopiga sakafu. Povu likamtiririka vidoleni, la uvuguvugu. Aliogopa mpaka meno yakagongana. Hakutoa mkono.

Assumani alichomoa waya. Chumba kikawa giza na kimya, na katika kimya hicho mtoto akalegea, akaanza kukoroma.

Alipozinduka, sebule ilikuwa tupu, hata Assumani ametoka. Nje ya ukuta zilisikika sauti za chini za watu wengi waliosimama pamoja, na mtu hahitaji kuambiwa walikuwa wanazungumza nini. Mlango ulikuwa wazi. Nour alitazama mikeka iliyovurugika, karanga, kisha mkono wa mama yake uliokuwa bado chini ya shavu lake, umelowa.

"Wameona?"

"Wameona wote."

"Siyo damu?"

"Siyo damu, mwanangu. Ni kifafa."

Mariyamu alijitayarisha kwa kilio, au kwa lawama: gemu, vidonge, uongo wote ule. Alistahili. Lakini mtoto alikuwa anafikiria kitu kingine.

"Kila mara nikizinduka," Nour akasema kwa ulimi mzito, "nakukuta mulangoni. Mbali kule. Nilijua iko kitu kibaya ndani yangu, kwa sababu hata wewe uliniogopa."

Mariyamu alitaka kukana. Neno lilikuwa tayari ulimini, hapana, mama hawezi kumwogopa mwanawe, na lilikuwa uongo kama mengine.

"Nilikuogopa," akasema.

"Na leo?"

Nje mtu mmoja alicheka, wengine wakamnyamazisha. Mariyamu alikuwa anatetemeka mwili mzima, na Nour, aliyelaza shavu kwenye kiganja kile, alikuwa anausikia mtetemeko wote.

"Leo nimeogopa kuliko siku zote."

Wala hakuuondoa mkono.