Ploti ya Mia Tatu na Moja

Jumatano moja ya Julai mwaka wa 2007, Chepchirchir alikuwa akinawa kwenye mfereji nyuma ya stoo ya kituo cha utafiti, mlimani juu ya Elburgon, alipohisi kitu kikimkwaruza bega la kushoto. Asubuhi yote alikuwa amepita katikati ya mistari ya ngano akiandika ni ploti gani ya majaribio imeshikwa na kutu, ule ugonjwa wa ngano, na gani bado. Zote mia tatu zilikuwa zimeshikwa. Mashina yalikuwa na vidonda vyekundu, na vumbi lake lilikuwa limempaka sketi hadi kiunoni. Alivuta ukosi wa blauzi akatazama. Pale ambapo mkanda wa bomba la dawa ulikuwa umemkalia kwa miaka tisa, kulikuwa na majani matatu mabichi, urefu wa kidole.

Alimwita Mugure, kibarua mwenzake, ambaye walikuwa wamepalilia naye mstari mmoja tangu siku ya kwanza. Mugure aliweka jembe chini, akayapindua majani kwa ukucha.

"Hii ni ngano," alisema. "Si nyasi. Tung'oe?"

Walivuta kidogo. Ngozi ilikuja pamoja na shina, wakaacha, maana saa ya chakula ilikuwa imeisha.

Muuguzi wa dispensari alisema dawa ya namna hiyo hawakuwa nayo. Alimpa tembe za maumivu, akaandika kwenye kitabu: bega. Mume wake, aliyekuwa akifanya kazi kwa kinu cha kupasulia mbao, alisema ngano ikitoa ndevu atahamia kulala kwenye benchi. Septemba ngano ilitoa ndevu, akahama.

Aliyesimamia majaribio hayo aliitwa Daktari Muturi, mtu wa chuo kikuu, mpole, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu kutu iingie shambani. Wafadhili walikuwa wamemwambia kwamba asipopata mmea mmoja safi kufikia mwisho wa mwaka, mradi unafungwa. Alipoonyeshwa bega hakuuliza limekuwaje. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akakagua shina kutoka chini hadi juu, kisha akauliza lilipandwa lini. Chepchirchir alimwambia halikupandwa. Daktari aliandika: tarehe ya kupandwa, haijulikani.

Tangu siku hiyo walimdunga sindano ya maji yaliyochanganywa na vumbi la kutu, mara tatu kwa wiki, kwenye shina. Mengine yaliingia mwilini, akakohoa wekundu kwa siku kumi na nne. Ngano haikushikwa. Aliambiwa asitumie sabuni upande wa kushoto, wala asivae sweta, ingawa baridi ya huko mlimani humfanya ng'ombe atetemeke. Alitakiwa asimame mwisho wa mstari kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, ili apate jua lile lile na mvua ile ile kama mimea mingine. Daktari alimfunga shingoni kibao chenye nambari mia tatu na moja, kilichoandikwa kwa wino usiofutika. Wageni walikuja kwa magari, wakampima bega kwa rula, wakamshukuru Daktari. Mmoja aliuliza kama ametiwa mbolea. Daktari alijibu kwamba amepata sawa na wengine.

Kitu ambacho Chepchirchir alikuwa akikitaka kwa miaka yote tisa kilikuwa barua ya kazi ya kudumu. Vibarua walipewa barua za miezi mitatu mitatu, na kila barua ikiisha walikaa nyumbani wiki moja, ili miaka isije ikaungana na kuwapa haki ya kudumu. Oktoba barua yake ilipoisha, alienda ofisini akasimama mlangoni, maana mgongo wa kiti ungevunja masuke.

"Mama, kuna shida kidogo," Daktari alisema, bila kumtazama usoni. "Kwa karatasi za ofisi, wewe sasa uko kwa orodha ya ploti. Huwezi kuwa kwa orodha mbili. Na ploti haiwezi kupewa barua ya kazi."

"Basi nitoe kwa ploti."

"Nikikutoa sina mmea safi hata mmoja. Mradi unafungwa. Wale wamama wote wanaenda nyumbani, hata Mugure."

Chepchirchir alitoka ofisini. Kisha alirudi mwisho wa mstari akasimama pale pake.

Novemba walivuna. Mugure ndiye aliyekata, kwa makasi, akizuia mkono usiguse ngozi, na akahesabu punje kwenye sinia: mia mbili na kumi na mbili. Zilitiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa kwenye chumba cha baridi. Daktari alimweleza Chepchirchir kwa upole kwamba mbegu hiyo ni ya mradi, na hata punje moja isitoke langoni. Kabla ya Desemba kufika katikati, machipukizi mengine yalikuwa yameanza kutoka.

Kisha ukaja uchaguzi, na yaliyoufuata, kabila kuligeukia kabila. Siku ya kwanza ya Januari nyumba ya Mugure ilichomwa na watu waliomjua kwa jina. Mmoja wao alikuwa binamu ya mume wa Chepchirchir. Kesho yake binamu huyo alikuja kwao kunywa chai, na vidole vyake vilinuka mafuta ya taa. Chepchirchir alimmiminia chai. Alipomaliza kuinywa, alimmiminia nyingine, na hilo ndilo alilokuja kulijutia baadaye kuliko yote. Mugure alikuwa ameshachukuliwa na lori hadi Nakuru pamoja na watoto wake. Kituo kilifungwa. Ng'ombe waliingia kwenye ploti wakala mia tatu zote, na stima ilipopotea kwenye chumba cha baridi, panya walifungua bahasha.

Bega halikujua kwamba kazi imesimama. Mwili una joto kuliko udongo, kwa hiyo ngano iliiva kabla ya Februari kwisha. Hakuna aliyekuja kuipima. Chepchirchir alikaa mbele ya kioo akaikata mwenyewe kwa mkono wa kulia. Alifunga masuke kwenye leso, akapanda lori la mbao lililokuwa likiteremka Nakuru, ambalo dereva wake hakumuuliza mtu lolote.

Alimkuta Mugure kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, pale ambapo kila mwaka wakulima huleta mahindi na madume ya ng'ombe kushindanishwa. Sasa ulikuwa umejaa mahema. La Mugure lilikuwa kando ya zizi la maonyesho, na yeye alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe ya msaada. Walisalimiana kwa mikono. Waliulizana habari za watoto, wakamaliza watoto wote. Chepchirchir alimwekea leso mapajani.

"Hii ni ya mradi," Mugure alisema alipoifungua.

"Imeota kwangu. Nimeikata mwenyewe. Zingine zilianguka."

Mugure alisugua suke moja kati ya viganja, akapuliza makapi. Aliuliza bila kuinua macho, "Ni nani walichoma?"

Chepchirchir alimtajia majina matatu aliyoyajua, na la binamu akalitaja la kwanza. Alisema pia kuhusu chai, vikombe viwili. Mugure aliitikia kwa kichwa polepole. Alisema sauti ya huyo binamu aliisikia usiku ule na akaitambua, ila alikuwa akingoja kuona kama kuna mtu atakayemwambia. Kisha alimpa Chepchirchir nusu ya maharagwe achambue.

Mugure alizipanda punje hizo kwenye mikebe minane ya mafuta ya kupikia, akaipanga kuzunguka hema lake. Zilimea. Wakulima waliokuwa wakiishi mahema ya jirani walikuja kuzitazama asubuhi, mikono nyuma, kama walivyokuwa wakitazama mimea ya watu miaka ya maonyesho. Kutu haikuonekana.

Mwezi wa tano watu waliambiwa wakunje mahema warudi walikotoka. Wiki hiyo ndiyo Daktari Muturi, aliyekuwa amesikia habari za mikebe, alifika, amekonda, na bahasha iliyoliwa na panya mfukoni. Aliomba mikebe kwa adabu. Mugure alisema ataitoa akiandikiwa kwamba imetoka kwake na kwa Chepchirchir. Daktari aliandika akiwa ameegemeza karatasi kwenye goti, majina yote mawili kwa ukamilifu, akatia sahihi. Alikuwa na nia njema. Alibeba mikebe saba. Wa nane Mugure alikuwa ameufunika kwa blanketi, na alienda nao Subukia, kwa dada yake aliyemgawia pembe ya shamba. Kule kwake hakurudi, maana binamu alikuwa amepanda viazi pale nyumba ilipokuwa.

Mradi uliongezewa miaka mitatu, kituo kikafunguliwa, na Chepchirchir akarudi mwisho wa mstari. Ripoti ilitoka Julai, na ndani yake iliandikwa kwamba mbegu ilipatikana kutoka ploti ya mia tatu na moja na eneo moja la ziada, Nakuru. Chepchirchir alipouliza yale majina mawili yako wapi, Daktari alisema ofisi iliyakata kwa sababu safu za jedwali zilikuwa nyembamba. Alisema angejaribu tena mwaka ujao. Sauti yake ilikuwa imechoka, na Chepchirchir hakumshinikiza. Ngano ilikuwa imefika shingoni, na safari hii ilikuwa imeota pia kwenye bega la kulia.

Wiki hiyo waliajiriwa vibarua wapya kwa barua za miezi mitatu. Mmoja wao, msichana aliyeitwa Chepkemei, alifika mwisho wa mstari saa nne akiwa na jembe dogo. Alipiga magoti miguuni pa Chepchirchir, akaanza kung'oa magugu yaliyokuwa yameshika vidole. Alifika kwenye kifundo, mzizi ukaja na ngozi, akasita.

"Mathe, inauma?"

"Inauma," Chepchirchir alisema. "Lakini usiache, supavaiza anaangalia."