Zafisoa Hahami

Siku walipomletea karatasi ya kuhama, Zafisoa alikuwa anaanika kahawa uani, liwa ya njano ya kukinga jua imemkauka usoni. Aliisoma mara mbili. Nyumba, kahawa, kaburi la mumewe na msitu wote wa nyuma sasa vilikuwa hifadhi ya vinyonga wa ardhini, wale wadogo wanaotosha kwenye pingili ya kidole gumba. Binadamu hawakutakiwa tena humo.

"Mimi ndiye niliyewatunzia msitu huu," akasema. "Sijawahi kuuchoma hata siku moja. Leo mnanitoa mimi?"

"Shangazi, mimi nimetumwa tu," akajibu Jaosolo, mtoto wa kaka yake, ndani ya kombati mpya ya askari wa hifadhi.

"Kamwambie aliyekutuma siendi popote. Ng'o!"

Kesho yake alipungua kimo shubiri moja. Keshokutwa, nyingine. Binti yake Honorine alipomletea maji ya ukoko wa wali siku ya Alhamisi, ilibidi achuchumae ndipo amwamkie. Sisi majirani hatukuuliza. Mtu mzima ana sababu zake. Jumapili Zafisoa alipita chini ya mlango uliofungwa, akaingia kwenye majani makavu.

Bwana Andriamparany, mkubwa wa hifadhi, akaja kutoka mji mkuu na watu wake. Nyumba waliibomoa asubuhi moja, kahawa wakaing'oa. Alibaki Zafisoa, na sheria ilitaka atolewe yeye mwenyewe, mzima. Sasa, kwetu ukimkanyaga kinyonga wa ardhini ni nuksi: unarudi nyumbani, na siku hiyo hufanyi kazi. Basi wakaingia msituni kwa magoti, wakipuliza jani mojamoja, watu wazima na suruali zao za ofisini.

Siku ya tatu walimwona. Kahawia tupu, mkia ameukita chini kama mguu wa tano, liwa bado usoni. Jaosolo akamgusa. Akaanguka ubavu, miguu ameikunja.

"Amekufa," akasema Bwana Andriamparany, akafuta jasho.

"Wapi! Anatuzuga huyo," akasema Jaosolo.

Bwana akambana kwa vidole viwili. Zafisoa akatetemeka kwa nguvu hata meno ya yule bwana yakagongana na kalamu ikamtoka mfukoni. Akamrudisha chini upesi.

"Ndivyo wanavyofanya wakishikwa," akaeleza Jaosolo. "Ila Shangazi alikuwa hivyo hata zamani."

Bwana akafungua kitabu cha kanuni. Ni marufuku kumtoa kinyonga yeyote ndani ya hifadhi. Akampima kwa rula, akaandika: jike, mzima, milimita ishirini na sita. Haki ile aliyonyimwa akiwa mtu, alipewa papo hapo akiwa kinyonga, bila hata kuomba. Mimi niliposikia nilikasirika, lakini nilicheka pia.

Siku hizi Honorine anakwenda kila Ijumaa. Anakata tiketi kama wageni wenye kamera, anaambiwa asitoke njiani, asilishe wanyama. Palipokuwa jikoni anachuchumaa, anadondosha tone la maji ya ukoko kwenye jani. Zafisoa anakunywa, jicho moja kwa binti, jingine kwa Jaosolo.

Ijumaa iliyopita alikuwa ametaga mayai mawili kando ya kaburi. Mumewe alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita, ila yuko palepale chini, na hilo hatukulijadili. Jaosolo akayaandika daftarini: wakazi wapya, wawili.

"Hao ni wadogo zangu," akasema Honorine.

"Hongera, dada. Lakini muda wa tiketi yako umekwisha. Wageni wanatoka."

Honorine akainuka, akapita mbele yetu getini. Gauni lake, ambalo siku zote humfika magotini, lilikuwa linaburuza vumbi.

Jaosolo akaliona. "Dada! Na wewe?"

"Na mimi," akasema Honorine. "Tafuta daftari kubwa zaidi."