Picha ya Darini

Fundi yule alikuwa mjuzi kweli, hilo tusimnyime, ila alikuwa na ugonjwa wa kujibu kabla ya kuulizwa. Dereva wa treni mstaafu alipoingia dukani kwake kutafuta projekta, hakumwacha hata amalize maneno.

"Mzee wangu, projekta ni ya gizani. Chumba kina madirisha mangapi?"

"Mawili, makubwa. Lakini mke wangu..."

"Basi! Ukiwasha projekta mchana utaona vivuli tu. Televisheni ina mwanga wake yenyewe, rangi zimekolea, na ina matundu matatu ya HDMI. Mama atafurahi, niachie mimi."

Mzee akakuna kichwa. Alichotaka ni kimoja tu: kesho yake saa nne asubuhi, binti yao kitinda mimba angeapishwa kuwa wakili huko mbali, sherehe ingerushwa mtandaoni, na mama yake amwone. Mambo ya matundu hakuyajua, akamwachia anayeyajua.

Saa tatu asubuhi fundi akafika na televisheni pana kama mlango, akaingia chumbani akipiga miluzi. Miluzi ikakatika. Mama alikuwa amelala chali, shingo imefungwa kola. Alikuwa amepasuliwa mgongo wiki iliyopita, na daktari alimkataza kugeuka hata kidogo. Alichoweza kukiona ni dari tu.

"Karibu mwanangu," alisema huku akitazama juu. "Umetuletea projekta?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, naye hakuuliza hata mgonjwa amelalaje.

"Nilitaka kukwambia," mzee akasema kwa upole. Heri angemtukana.

Kuifunga televisheni darini? Dari lenyewe lilikuwa la mbao nyembamba, na uzito ule juu ya mgonjwa ulikuwa wa kuogopwa. Fundi akapiga moyo konde, akatoka mbio, akarudi na projekta yake mwenyewe ya dukani ikiwa imebaki robo saa sherehe ianze. Akailaza chali juu ya kigoda kando ya mto wa mama, kioo kikitazama juu, akachomeka waya kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Picha ikaja miguu juu kichwa chini. Akageuza kigoda, ikakaa sawa, lakini ilikuwa hafifu kama chai iliyozidishwa maji. Mambo ya mwanga hakuwa amekosea, na kwa mara ya kwanza kuwa sahihi kulimuuma.

"Leteni mablanketi!"

Wakaziba dirisha moja kwa mablanketi, la pili kwa boksi la televisheni, na nyufa kwa kanga za mama. Chumba kikaingia giza, dari likaiva rangi. Ukumbi mzima ukatokea juu pale, na majoho meusi yamepanga mstari.

Mzee alisimama ameinua kichwa kama anayetafuta ndege.

"Utavunjika shingo, tuwe wawili wa kola," mama akamwambia. "Vua viatu uje ulale hapa."

Akalala pembeni kwa uangalifu, kitanda kisitikisike.

Jina la binti likaitwa. Akapita mbele, akainua mkono wa kuume, kamera ikamsogelea mpaka uso wake ukajaa dari. Machozi ya mama yakamtiririka hadi masikioni, kwa kuwa hakuwa na namna ya kuinamisha kichwa, na mzee akawa anamfuta kwa ncha ya shuka.

"Amekonda," mama akanong'ona. "Hali vizuri huyu."

Akainua mkono wake taratibu, ukaingia ndani ya mwanga. Kivuli cha vidole kikapanda darini, kikatua kwenye shavu la binti, kikalipapasa. Fundi, ambaye siku zote huwagombeza watu wanaokatiza mbele ya projekta, alibana mlango kwa mgongo wake ili mwanga usiingie.