Msimsumbue

Ofisi ya mafundi lifti ilihamia kwenye simu wiki ileile ambayo Spika alikuwa anamzika mama yake. Alipoondoka aliiacha inapiga kelele. Aliporudi aliikuta kimya, kila mtu kainamia kioo chake kana kwamba kuinua kichwa kumepigwa marufuku.

Spika si jina alilopewa na wazazi. Mafundi ndio waliombandika, kwa sababu ya koo lake. Kazi yake ilikuwa kupanga nani aende jengo gani, na aliifanya kutoka ghorofa ya pili, juu ya stoo ya vipuri, bila kuinuka kwenye kiti. "Nani yuko karibu na maktaba? Watu wamenasa!" Hata aliyekuwa getini akifunga kamba za viatu alisikia. Asubuhi mafundi wote walipita mezani kwake kuchukua funguo za vyumba vya mota, na hakuna aliyepita salama. Mwenye shati jipya aliulizwa anakwenda kumposa nani. Aliyechelewa aliulizwa kama kitanda kilimng'ang'ania. Nao walimrudishia, wakidai kwamba watu walionasa kwenye lifti wakisikia tu sauti yake wanapanua milango kwa mikono na kutoka wenyewe. Walivunjika mbavu, halafu wakatawanyika kwenda kazini.

Sasa kulikuwa na kitu kinaitwa Ukumbi. Ndivyo ile programu ilivyobatizwa, na aliyeibatiza sijui alikuwa anafikiria nini, maana ukumbi wa kawaida una watu wanaoonana uso kwa uso. Kazi ziliingia moja kwa moja kwenye simu ya fundi, naye akatoka nyumbani kwake mpaka kwenye jengo bila kukanyaga ofisini. Funguo zilihamishiwa kwenye visanduku vya namba vilivyofungwa huko huko kwenye majengo. Ubao mkubwa wa ratiba uliondolewa, ukaacha ukutani alama ya mraba iliyo safi kuliko ukuta wenyewe. Mtaalamu wa kompyuta, kijana mpole asiyejua kukaza sauti, alimkalisha Spika na kumwonyesha: hapa unasoma, hapa unajibu, mwenye kitone cha kijani yupo. Alizungumza naye polepole kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Siku za mwanzo Spika alishukuru. Mtu aliyetoka kuzika hataki makelele, na watu walikuwa waungwana. "Pole, dada," walisema, wakapita. Lakini siku zikazaa wiki, na wiki zikazaa miezi, na bado walikuwa wanapita.

Simu yake ilikuwa inalala. Ya Msaidizi, yule bwana aliyeajiriwa mwaka uliopita kumpunguzia kazi, ilitetemeka mezani kutwa nzima hata kikombe chake cha chai kikawa kinatembea. Kazi zote zilikwenda kwake. Spika aliambulia matangazo ya jumla tu: maji yatakatika kesho, tafadhali kila mtu aoshe kikombe chake. Siku moja aliandika kwenye kikundi, "Leo jua ni kali, mafundi mkumbuke kunywa maji." Akapata vidole gumba, vingi tu. Alivitazama vile vidole mpaka kioo kikazima. Alipoingia chumba cha chai vicheko vilikatika, mtu mmoja akampisha kiti, na baada ya muda akajikuta amekaa peke yake na birika.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yake alikuwa wa kitandani kwa miaka, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na kila jioni alidai apewe habari za ofisini zote: nani kagombana na nani, nani kateleza ngazini, fundi aliyemtania asubuhi kajibiwa nini. Spika alimsimulia huku akimgeuza na kumpaka mafuta miguuni, na mzee akacheka mpaka akaomba apumzishwe. Sasa Spika aliingia na mkate wake mkononi, akawasha taa ya sebuleni, akazima ya chumbani kwa mama ambayo aliiwasha mwenyewe asubuhi bila sababu. Bado alipika chakula cha watu wawili. Kuna mwisho wa wiki ambao hakuzungumza na kiumbe yeyote isipokuwa muuza duka, na Jumatatu aliposalimia getini sauti ilitoka na kutu, ikabidi akohoe na kurudia.

Basi akafikia uamuzi wake. Wanamtaka aondoke, wamekosa tu mtu wa kumwambia. Ubao umeondolewa, funguo zimeondolewa, kazi amepewa Msaidizi. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kusoma alama za nyakati na kujitoa. Angeweza kuuliza. Lakini Spika alikuwa na kiburi chake, na zaidi ya kiburi aliogopa jibu. Kazi ile ndiyo sehemu pekee iliyobaki duniani ambapo watu walimjua, na alitaka kuondoka kabla hajaambiwa kwa mdomo kwamba hata hapo hatakiwi.

Siku aliyoichagua alivaa gauni lake zuri, akapiga moyo konde. Atamwambia Bosi anaacha kazi, kwa adabu, bila chozi. Ila kabla ya Bosi ilibidi ashuke stoo kumwambia Bi Stoo.

Bi Stoo ndiye aliyetunza vipuri, na ndiye aliyekuwa mwenzake tangu wote wawili wangali wageni pale. Mume alipomkimbia Bi Stoo na kumwachia mtoto mchanga wa kike, mtoto yule alilelewa kati ya stoo na ghorofa ya pili. Alirudi kutoka shule akaingia chini ya meza ya Spika, akachora, akalala, akaota meno ya pili hapo. Alimwita Spika mama mdogo mpaka alipokuwa msichana mzima mwenye kazi yake. Na sasa hata huyo alikuwa hapigi simu tena. Bi Stoo naye alikuwa amebaki na "Umeshindaje?" na yale macho ya huruma, basi. Spika aliweza kuwasamehe wote, lakini ukimya wa Bi Stoo ulimkata maini.

Alimkuta amekaa kati ya masanduku ya vitufe vya lifti, anatabasamu na simu yake, hasikii la mtu. Spika akasogea nyuma yake. Kwenye kioo kulikuwa na bibi harusi. Pembeni yake walisimama mafundi, mstari mzima, wamejikaba na tai. Msaidizi alikuwemo. Mtaalamu alikuwemo. Bosi alikuwemo, kashika sahani.

"Harusi ya nani hiyo?" Spika aliuliza, ingawa sura ya bibi harusi aliijua kuliko ya kwake.

Bi Stoo alishtuka, akaibana simu kifuani. "Mama yangu! Umenitisha."

"Nimeuliza harusi ya nani."

Bi Stoo alitazama chini. "Ya binti yetu."

"Binti yetu kaolewa?"

"Jumamosi ile nyingine."

Spika akakalia sanduku lililokuwa karibu, na gauni lake zuri likaingia vumbi. Alikuwa amejiandaa kwa mengi siku hiyo, lakini si kwa hili. "Ofisi nzima," alisema mwishowe. "Ofisi nzima mmeenda. Hata Msaidizi, ambaye hajui hata yule mtoto alikuwa anaogopa paka. Mimi nimewakosea nini?"

"Hujatukosea! Mwenzangu, hujatukosea. Yeye mwenyewe alilia. Alisema bila mama mdogo haolewi. Mimi ndiye niliyemkataza asikupigie. Nikamwambia mama mdogo yuko msibani, tumwache apumue."

"Msibani? Nilizika, nikarudi. Unaniona hapa kila siku ya Mungu."

"Si umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika wapi?"

"Kwenye jina lako, Ukumbini. Mimi nikiamka kitu cha kwanza naangalia kama umeitoa. Najisemea leo ataitoa, nikampe habari. Huitoi. Ningekuja vipi na mambo ya keki na maua, na wewe umeandika tusikusumbue?"

Akamgeuzia simu. Lilikuwepo jina la Spika, na picha yake ileile ya kitambulisho ambayo anaonekana kama mtu aliyekamatwa sokoni, na mbele yake duara jekundu na maneno: Yuko msibani. Msimsumbue.

Waliita Mtaalamu. Alishuka mbio, na alipoelezwa, kijasho chembamba kilimtoka. Ni yeye aliyeandika, siku ya mazishi, Bosi alipomwagiza amwekee ili asihangaishwe na simu makaburini. Mtu akiwa na alama ile kazi hazimfikii, na ujumbe wake unaingia bila mlio, unajificha chini ya picha yake. "Anayeitoa ni mwenyewe, dada. Ukibonyeza picha yako unaiona."

"Nani anabonyeza picha yake mwenyewe? Na wewe hukuniambia kwa nini?"

"Nilidhani unaiona. Halafu niliona vibaya. Nikuulizeje kama msiba umekwisha?"

Hapo ndipo Spika alipoelewa kwamba hapakuwa na njama yoyote. Walikuwa wanamngoja. Ofisi nzima ilimngoja kwa heshima zote, kila mtu akichungulia jina lake asubuhi na kuondoka kwa ncha za vidole, na yeye ghorofani akifa kwa upweke. Alitaka kucheka na hakuweza. Alikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda.

"Ungepanda ngazi," alimwambia Bi Stoo. "Ungepanda tu, ukaniuliza kwa mdomo."

"Na wewe ungeshuka," Bi Stoo alijibu, machozi yakimtoka.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Bi Stoo alimshika mkono. Spika hakuutoa, lakini hakuushika pia. Harusi ilikuwa imepita, na hakuna programu ambayo ingeirudisha ili na yeye asimame kwenye mstari ule pembeni ya mtoto wake.

Alipanda juu. Kwa Bosi hakwenda tena. Alikaa mezani, akabonyeza picha yake. Chini yake kulikuwa na rundo la ujumbe ambao haukuwahi kulia. Fundi wa zamu ya hospitali: "Spika, asubuhi hazina ladha, rudi ututukane kidogo." Fundi mwingine alikuwa ameuliza kama anaweza kupita nyumbani kumpa pole, akasubiri jibu, akaandika tena, akaacha. Msaidizi alikuwa ameandika, "Dada, kazi zako nazishika tu mpaka utakapokuwa tayari, si zangu." Wote ulikuwa wa wiki za mwanzo. Baada ya hapo hakukuwa na kitu, na hakuweza kuwalaumu, kwa sababu hata yeye angechoka kumgongea mtu asiyefungua.

Kidole chake kilisimama juu ya neno Ondoa. Programu ilikuwa imempangia ya kuchagua: Nipo. Niko mkutanoni. Niko likizo. Naumwa. Aliyasoma yote, na kadiri alivyoyasoma ndivyo alivyoshindwa kubonyeza. Yale maneno mekundu yalimkosesha harusi, ndiyo, lakini hayakuwa ya uongo. Tangu azike, hakuna mtu aliyemuuliza habari za mama yake. Walimpa pole, wakaufunika msiba kwa heshima kama chakula kilichofunikwa kisipate nzi. Akiondoa alama ile, watarudi na utani wao na vicheko vyao, naye atacheka, na mama yake hatakuwa ameandikwa popote tena. Kilichomuumiza ni kwamba msiba wenyewe alikuwa ameachiwa aulilie peke yake.

Akafuta nusu ya maneno. Akaandika taratibu, kwa kidole kimoja, kwa sababu miwani aliisahau stoo: Niko msibani. Nisumbueni.

Akabonyeza, akaiweka simu mezani kifudifudi. Chumba kilikuwa kimya. Feni ilizunguka. Mtu mmoja alipiga chafya na hakuna aliyemwambia kitu. Mioyo na vidole gumba bila shaka vilikuwa vinamiminika upande wa pili wa kile kioo, na Spika hakutaka kuviona.

Ndipo kiti kikaburuzwa. Msaidizi alikuwa amesimama, simu ameiacha mezani kwake ikitetemeka. Alivuta kile kiti mpaka mezani kwa Spika, akakaa, akakosa pa kuweka mikono. Tangu aajiriwe hawakuwahi kuzungumza jambo lisilokuwa la lifti.

"Dada," alisema, "mama alikuwa anaitwa nani?"

Spika akamtajia jina. Halafu, kwa kuwa Msaidizi hakumkatiza, akaendelea.