Punje ya Dawa kwa Kidoti

Chwi. Chwi. Chwi.

Giza la alfajiri lilikuwa bado zito, lakini mama alijua huo si mlio wa panya. Akapapasa kitanda. Kidoti, kitindamimba wake wa miaka miwili, hayupo. Alipowasha taa akamkuta chini ya meza, ananyonya tyubu ya dawa ya meno yenye picha ya sungura, midomo imejaa povu la waridi, raha mustarehe.

Akampokonya. Kilio kilichofuata kikamtoa bibi chumbani, shuka begani.

“Umemfanya nini mjukuu wangu?”

“Mama, hii ni dawa, si peremende. Anaila!”

“Nimemnunulia mimi. Ile yako inamchoma ulimi. Hii tamu, na mwenye duka kasema ya watoto.”

“Mwenye duka kaangalia sungura. Mimi nimesoma maandishi ya ubavuni. Haina floraidi, yale madini yanayokinga meno yasioze.”

“Ehee! Shule yako ya jioni hiyo inaongea. Meno yenyewe ya utoto, mkwe wangu. Si yataanguka tu?”

Yataanguka tu. Maneno hayohayo mama aliambiwa kuhusu binti yake mkubwa, naye akanyamaza kwa adabu ya ukwe. Leo Dada yuko darasa la kwanza na hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja, maana mbele amebaki na vigutu vyeusi. Adabu ile aliyeilipia ni mtoto.

“Mama, nakuheshimu. Jikoni kwako siingizi mkono. Lakini kinywa hiki ni changu kukilinda, na sitanyamaza tena.”

Akaishusha dawa yake kutoka juu ya kabati, akaminya tone dogo kama punje ya mchele kwenye mswaki mdogo.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. “Hiyo hata sisimizi haimtoshi!”

“Ndicho kipimo chake. Hajajua kutema vizuri, kwa hiyo hata akimeza hiki kidogo hakitamdhuru. Akitimiza mitatu nitamwekea kama punje ya njegere.”

“Njoo kwa bibi, mpenzi,” bibi akaitikisa tyubu ya sungura.

Kidoti akanyoosha mikono. Mama hakumvuta wala hakumfokea. Akakaa sakafuni, akampakata, kichwa cha mtoto kikaegemea kifua chake, mswaki ukasubiri mkononi.

“Lieni hata nyote wawili,” akasema taratibu. “Leo sisogei.”

Dada alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kiganja mdomoni kama kawaida yake. Akamtazama mdogo wake. Akamtazama bibi na ule sungura wake. Kisha akaushusha mkono, mdomo wazi, kila kitu kikaonekana.

“Bibi, yangu yaliuma sana.”